Siri ya mgonjwa na tiba bora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaofanya kazi katika vituo vya afya, kuanzia mapokezi hadi chumba cha upasuaji, na kwa wagonjwa wanaotaka kujua wanachostahili kudai. Sheria hutofautiana nchi hadi nchi. Pale utaratibu wa kituo chako unapodai zaidi ya tulichoeleza hapa, fuata wa kituo.

## Misingi

1. Siri ya mgonjwa ni ipi hasa? Ni majibu ya vipimo tu?

Ni kila kitu ambacho kituo kimekijua kwa sababu mtu huyo alikuja kutibiwa. Majibu ya vipimo na dawa yamo, lakini imo pia namba ya simu, jina la aliyemsindikiza, kliniki aliyopangiwa, deni analodaiwa, na hata kule kufika kwake tu. Hili la mwisho husahaulika sana. Mtu akionekana ameketi mbele ya mlango wenye kibao cha afya ya akili, siri yake imekwisha kutoka hata kama hakuna aliyefungua mdomo.

Wajibu wa kuitunza umo katika Kiapo cha Hippocrates, kiapo cha kale cha madaktari, na Chama cha Madaktari Duniani kiliuweka katika Azimio la Geneva la 1948. Haumfungi daktari peke yake. Karani, mfanya usafi wa wodi, dereva wa gari la wagonjwa, fundi wa kompyuta na mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo wote wamo.

2. Kutunza siri hakucheleweshi matibabu?

Kukifanywa vizuri, huyaharakisha. Mgonjwa asiyeamini kwamba siri yake iko salama hasemi. Ataficha kwamba anakunywa pombe kila siku, kwamba ameacha dawa za presha, kwamba juzi alijaribu kutoa mimba. Mnywaji wa kila siku anayelazwa kwa upasuaji na kunyamaza anaweza kuanza kutetemeka, kuweweseka na hata kupata degedege ndani ya siku chache za kukosa pombe, na wodi ikahangaika kutafuta maambukizi ambayo hayapo. Maelezo ya kweli ya mgonjwa ndiyo msingi wa kila uamuzi unaofuata, na hakuna mashine inayoyatoa.

Lakini usiri ukieleweka vibaya nao unaua. Maabara inayogoma kumsomea daktari wa zamu kiwango cha potasiamu kwa simu, rufaa inayotumwa bila orodha ya dawa kwa sababu "ni siri", mfamasia asiyeambiwa kwamba mgonjwa ni mjamzito: huko si kulinda siri, ni kumwacha mgonjwa bila tiba. Uingereza ililiona hilo. Kamati iliyoongozwa na daktari wa magonjwa ya akili Fiona Caldicott ilitoa kanuni sita za kutunza taarifa za wagonjwa mwaka 1997, na mwaka 2013 ikaongezwa ya saba, kwamba wajibu wa kushirikishana taarifa kwa faida ya mgonjwa unaweza kuwa na uzito sawa na wajibu wa kuzilinda.

Kipimo tunachokitumia katika majibu yote yanayofuata ni hiki: taarifa imfikie anayemtibu mgonjwa huyu sasa, kwa kiasi anachohitaji, kisha iishie hapo.

3. Nani anaruhusiwa kusoma faili?

Wale wanaomhudumia mgonjwa huyo kwa wakati huo. Cheo peke yake si ruhusa; daktari bingwa asiyemtibu mgonjwa hana haki ya kufungua faili lake kuliko mpita njia.

Kiasi nacho kinatofautiana. Mhasibu anahitaji jina la huduma na gharama, hahitaji maelezo ya daktari. Jikoni wanahitaji kujua aina ya chakula, si sababu yake. Mfamasia, kinyume na wengi wanavyodhani, anahitaji mengi: mzio, uzito wa mtoto, hali ya figo na ini, ujauzito, na dawa zote nyingine anazotumia mgonjwa. Kumpa cheti chenye jina la dawa tu ni kumziba macho.

Mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuona kumbukumbu zake katika nchi nyingi zenye sheria ya kulinda taarifa binafsi, na kuomba kosa lirekebishwe. Kurekebisha si kufuta. Kwenye karatasi, kosa hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maneno yakisomeka, kisha huandikwa maneno yaliyo sahihi, tarehe na saini.

4. Je, lazima tuombe ridhaa kila taarifa inapohama?

Kwa tiba yenyewe, la. Mgonjwa akikubali rufaa, amekubali pia barua ya rufaa. Mwambie tu kilichomo. Nje ya tiba (bima, mwajiri, shule, mafunzo, picha) omba ridhaa ya maandishi inayotaja mambo manne: taarifa ipi, kwa nani, kwa kazi gani, na hadi lini. Fomu inayosema "nakubali taarifa zangu zitumike" na kutiwa saini na mtu aliyejikunja kwa maumivu wakati wa kulazwa haimlindi yeye wala kituo.

## Mapokezi, foleni na wodi

5. Mapokezi yetu ni dirisha moja na foleni nzima inasikia kila kitu. Tufanye nini bila kujenga upya?

Hapa ndipo pa kuanzia, kabla ya kununua programu yoyote. Piga mstari sakafuni mita moja na nusu hadi mbili kutoka dirishani, na anayefuata asubiri nyuma yake. Sogeza benchi la kwanza mbali, na viti vielekee upande mwingine. Sauti ndogo ya redio sehemu ya kusubiria husaidia kuyafunika mazungumzo. Geuza skrini ya kompyuta isionekane na aliye mbele. Daftari la mahudhurio lisilazwe wazi: funika mistari iliyokwisha kuandikwa kwa kipande cha karatasi ngumu, kwa sababu kila anayetia saini huwasoma waliomtangulia.

Kisha badilisha swali. "Una shida gani?" humlazimisha mtu kutangaza ugonjwa wake. Weka dirishani kadi yenye orodha ya huduma, kila moja na namba na mchoro, ili hata asiyejua kusoma aguse kwa kidole. Karani asirudie alichoambiwa. "Haya mama, nimekuelewa, nenda chumba namba 4" kunatosha kabisa. Kinachovunja utaratibu huu ni foleni ndefu ya asubuhi, pale mstari unapokanyagwa na karani anapoanza kupaza sauti. Saa hizo awepo mtu mmoja wa kupanga watu.

Kwa mwenye dalili za hatari, yaani anayeshindwa kupumua, anayevuja damu nyingi, mwenye maumivu makali ya kifua, aliyepoteza fahamu au mwenye degedege, usihangaike na kadi wala mstari. Muulize papo hapo, mpeleke ndani.

6. Tuite wagonjwa kwa majina au kwa namba?

Namba kwa kuita, jina kwa kuhakikisha. Vituo vingine vimeacha kabisa kutaja majina kwa kuogopa kutoa siri, na matokeo yake aliyesinzia akapitwa na namba yake, na mwingine akapokea dawa zisizo zake. Mlango ukishafungwa, mwambie mgonjwa akutajie majina yake kamili na tarehe ya kuzaliwa. Usimtajie wewe. Ukiuliza "wewe ndiye fulani?", mwenye hofu au asiyesikia vizuri ataitikia tu. Asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa, tumia jina na namba ya faili. Kabla ya kuongeza damu, linganisha jina na namba kwenye bangili ya mkononi, kwenye chupa na kwenye fomu.

7. Pazia la wodi halizuii sauti. Raundi tuifanyeje?

Kitandani ongea yale ambayo mgonjwa wa kitanda cha pili akiyasikia hayamdhuru mtu: umelalaje, maumivu yamepungua, tutabadilisha dripu. Mjadala wa uchunguzi na majibu ufanyike chumba cha wauguzi, si kwenye korido wala mbele ya lifti. Habari nzito ipewe chumba chake. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, waombe wageni wote watoke (ukimtoa mmoja tu, waliobaki wataanza kukisia), keti karibu na kichwa chake, shusha sauti, na yale magumu zaidi mwandikie kwenye karatasi ambayo utaondoka nayo.

Ubao wa kitandani uwe na yale yanayookoa maisha: mzio, hatari ya kuanguka, asile kabla ya upasuaji. Jina la ugonjwa halina kazi pale. Kibao cha kuzuia maambukizi kiseme cha kufanya, "vaa barakoa, nawa mikono", kisitaje kifua kikuu.

8. Mafaili ya rangi na milango yenye majina ya magonjwa vina ubaya gani? Vinaturahisishia kazi.

Rangi moja kwa ugonjwa mmoja hujulikana na kila mtu baada ya muda mfupi, wakiwemo wagonjwa wenyewe na majirani zao. Wengine huamua kutofika kliniki kuliko kuonekana na kadi hiyo, na mgonjwa anayekatiza dawa ndiye gharama ya mteremko huo. Tumia rangi kwa mwaka wa kusajiliwa au kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya faili. Utafutaji unabaki rahisi. Milango ipewe namba. Inapowezekana, kliniki yenye unyanyapaa ifanyike siku moja na kliniki nyingine, benchi lile lile.

## Simu, ujumbe na picha

9. Mtu anapiga simu akisema ni mume wa mgonjwa, anataka kujua hali yake. Tumjibuje?

Usikubali wala kukana kwamba mgonjwa yuko kwenu. Mwambie, "Naomba jina lako, nitafuatilia kisha utapigiwa." Kisha mwulize mgonjwa kama anamfahamu na aambiwe nini. Piga kwa namba iliyoandikwa kwenye faili, si ile iliyotokea kwenye skrini, kwa kuwa namba inaweza kughushiwa na simu inaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine. Anayejitambulisha kama daktari wa hospitali nyingine, mrudie kupitia namba rasmi ya hospitali hiyo.

Kwa mgonjwa mwenye ndugu wengi wanaopiga, mwambie achague neno la siri siku ya kulazwa. Anayelitaja huelezwa hali kwa jumla: anaendelea vizuri, amekula, kesho atapimwa tena. Si zaidi.

Majibu ya hatari kutoka maabara ni jambo jingine, yasomwe kwa simu mara moja. Anayepokea ayaandike, ayarudie kwa sauti neno kwa neno, kisha pande zote mbili ziandike jina na saa.

10. Ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa miadi uandikweje?

"Habari. Una miadi Jumanne saa 3 asubuhi. Ukiwa na swali, piga namba hii." Basi. Usitaje kliniki, dawa wala kipimo. Hata "majibu yako ni hasi" inatoa siri, maana anayesoma atajiuliza ni ya kipimo gani. Angalia pia jina la mtumaji linalotokea juu ya ujumbe. Mfumo ukiwekwa utume kwa jina la kitengo, kila ujumbe unatoa siri kabla haujafunguliwa.

Watu wengi hushirikiana simu. Wakati wa kusajili, uliza: nani mwingine hushika simu hii, tukupigie saa ngapi, na akipokea mtu mwingine tujitambulishe kama nani? Kwa anayepigwa nyumbani, maswali haya si ya hiari. Ujumbe mmoja wa kliniki unaweza kumletea kipigo, hivyo uliza kama anataka kutafutwa kwa simu kabisa au arudi mwenyewe kwa tarehe mliyokubaliana.

11. Tuna kundi la WhatsApp la kushauriana kuhusu wagonjwa. Lifungwe?

Kulipiga marufuku bila kuweka njia nyingine huwafanya watu waendelee kimyakimya. Ni bora kujua hatari ilipo. Ujumbe hufichwa kwa msimbo ukiwa njiani, lakini siri nyingi hutoka baada ya kufika: picha huingia yenyewe kwenye albamu ya familia, nakala hupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, arifa husomeka simu ikiwa imefungwa, na aliyehama kazi mwaka jana bado yumo kundini.

Kwa hiyo: mwulize mtu mmoja anayeweza kukusaidia kabla ya kuliuliza kundi. Usiandike jina, namba ya faili, namba ya kitanda wala anakotoka mgonjwa. "Mwanamume wa miaka 50 hivi" kunatosha. Zima uhifadhi wa picha wa moja kwa moja na arifa zinazoonyesha maneno. Msimamizi amtoe mtumishi siku ile ile anapoondoka kituoni. Ikibidi kutaja jina, kama katika rufaa ya dharura, piga simu.

Kuna kosa jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha: ushauri unabaki kwenye simu. Daktari kapendekeza kubadilisha dawa saa 4 usiku, wote wameridhia kundini, na faili halina neno. Muuguzi wa alfajiri atatoa dawa ya zamani. Kila uamuzi uandikwe kwenye faili kwanza, pamoja na jina la aliyeshauri, ndipo ujumbe ufutwe.

12. Naweza kupiga picha ya kidonda kwa simu yangu?

Tumia kifaa cha kituo kama kipo. Omba ruhusa, eleza picha ni ya nini na itakaa wapi. Weka rula pembeni ya kidonda ili ukubwa upimike, na uhakikishe hauonekani uso, chale, alama ya kuzaliwa, bangili yenye jina wala kadi ya kitandani. Zima kipengele kinachorekodi mahali picha ilipopigwa. Ukishaihamishia kwenye faili, ifute simuni, na uifute tena kwenye folda ya vilivyofutwa, maana simu nyingi hukitunza kilichofutwa kwa takriban siku 30.

Kuweka utepe mweusi machoni hakumfichi mtu. Ndugu zake watamtambua kwa kidevu. Picha ya kufundishia inahitaji ridhaa yake ya peke yake (swali la 4).

## Kumbukumbu za karatasi na za kompyuta

13. Zamu nzima inatumia nywila moja kwa sababu kuingia kwenye mfumo kunachukua muda. Kuna ubaya?

Upo, na chanzo chake si uvivu. Mfumo unaochukua dakika mbili kufunguka kwa muuguzi mwenye wagonjwa 30 utapitwa tu. Tatizo la kwanza ni la tiba: dawa ikiandikwa kwa jina la mtu asiyekuwepo, hakuna wa kuulizwa kama dozi ilikwisha kutolewa. La pili ni kwamba kumbukumbu ya nani kafungua nini, ambayo ndiyo kinga kuu ya mfumo, inakuwa haina maana. Dawa yake ni kuingia kwa kadi au alama ya kidole, skrini kujifunga baada ya dakika chache, na kazi kuendelea pale ilipoachwa.

Mfumo uwe pia na mlango wa dharura. Daktari anayempokea mahututi asiye mgonjwa wake aweze kufungua faili kwa kuandika sababu, na kila ufunguzi wa namna hiyo ukaguliwe kesho yake. Bila mlango huo, watu watarudi kwenye nywila ya pamoja.

Andaeni pia fomu za karatasi za kutumia mfumo ukizimika. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, na maelfu ya miadi ikaahirishwa. Taarifa iliyofungwa hata kwa anayetibu haijalindwa.

14. Nikifungua faili la jirani yangu kwa nia njema, nione tu anaendeleaje?

Hapana. Nia haibadilishi kitu. Humtibu, basi hufungui. Ni hivyo hivyo kwa mwenzi wako, mtu maarufu aliyelazwa, na mgonjwa uliyemtibu akahamishwa. Ukitaka kujifunza matokeo ya mgonjwa uliyemhamisha, uliza kwenye kikao cha mafunzo.

15. Karatasi je?

Karatasi ya kupokezana zamu ndiyo mbaya kuliko zote: ina wodi nzima, na husafiri mfukoni hadi nyumbani na kwenye mashine ya kufulia. Iandikwe herufi za mwanzo za majina na namba ya kitanda, ikusanywe zamu inapokwisha, ichanwe kwa mashine inayokata vipande vidogo. Ya kukata vipande virefu haitoshi, vinaunganika. Mafaili ya zamani yasiuzwe kama karatasi za kufungia. Vibandiko vya chupa za damu na pakiti za dawa zenye majina navyo vikwanguliwe au vichomwe pamoja na taka za hospitali.

16. Siri imekwisha kuvuja. Saa za kwanza tufanye nini?

Zuieni kwanza: mwombeni aliyepokea afute, zimeni akaunti, badilisheni nywila, futeni kwa mbali yaliyomo kwenye simu iliyopotea. Msifute ushahidi mkidhani mnasafisha. Andikeni nini kimetoka, cha nani, lini, na nani amekiona. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu 2018, inataka mamlaka iarifiwe ndani ya saa 72 tangu kituo kilipojua, isipokuwa hatari kwa wahusika ni ndogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 nayo inataja saa 72.

Mgonjwa aambiwe na ninyi, kwa maneno ya wazi, pamoja na hatua anayoweza kuchukua. Mwaka 2020 nchini Ufini, wagonjwa wa kampuni ya tiba ya kisaikolojia ya Vastaamo walipata barua pepe za wahalifu wakidaiwa pesa ili maelezo ya vikao vyao yasitangazwe. Mtu asiyeonywa mapema hukutana na mhalifu akiwa peke yake.

Msimfukuze aliyetoa taarifa ya kosa lake mwenyewe. Mkifanya hivyo, linalofuata halitasemwa.

## Familia na wanaosindikiza

17. Ndugu wanasema, "Daktari, usimwambie mzee kwamba ni saratani." Tufanyeje?

Wasikilizeni, mara nyingi ni upendo na hofu. Lakini habari ni ya mzee kwanza, na kwa kweli kosa lilikwisha kutendeka pale ndugu walipoambiwa kabla yake. Mwulize mzee mwenyewe mkiwa peke yenu: "Mzee wangu, kuna wanaopenda kuelezwa kila kitu, na kuna wanaopenda mtoto wao ndiye aelezwe. Wewe ungependa tufanyeje?" Akimteua mtu, andika jina la huyo mtu kwenye faili. Akitaka kujua, aelezwe. Mwulize mapema, kabla majibu hayajatoka, ndipo swali halitamtisha.

Tofautisha pia kusikiliza na kutoa. Binti akikwambia baba hali chakula na hatumii dawa zake, hujatoa siri ya mtu kwa kumsikiliza.

18. Mgonjwa hajui lugha yetu, amekuja na mwanawe. Atafsiri yeye?

Kwa kuuliza anaumwa wapi wakati wa dharura, sawa. Kwa jambo lolote la uzazi, akili, ukatili wa nyumbani au habari mbaya, hapana. Mtoto atapunguza makali, mama ataficha, nawe utaandika historia isiyokuwepo. Tumia mkalimani wa kituo au wa kwa simu, ambaye hahitaji kujua jina la mgonjwa.

19. Kijana wa miaka 15 hataki mzazi ajue. Tunamficha mzazi?

Umri wa kuridhia tiba bila mzazi hutegemea sheria ya nchi na aina ya huduma; ujulikane na uandikwe ukutani mwa chumba cha watoa huduma. Kila kijana apewe muda wa peke yake na mtoa huduma, uwe utaratibu wa wote ili mzazi asione mwanawe ametiliwa shaka. Mweleze mwanzoni kwamba utatunza siri isipokuwa akiwa hatarini: anataka kujiua, anatendewa ukatili. Ukilisema hilo baada ya kumsikiliza, atajiona amelaghaiwa. Kisha msaidie kumwambia mzazi, kwa sababu kijana anayetibiwa bila mtu mzima nyumbani huacha dawa kwa urahisi.

20. Mgonjwa hana fahamu. Nani aambiwe?

Aliyeandikwa kwenye faili kama mtu wa kuarifiwa, au ndugu wa karibu anayetambulika. Mwambie kinachohitajika kwa uamuzi wa sasa. Mimba iliyogunduliwa, kipimo cha VVU na kilevi kwenye damu havimhusu kama haviamui tiba ya leo. Fahamu zikirudi, mgonjwa aelezwe nani aliambiwa nini.

## Pale mpaka unapogusa

21. Ni wakati gani siri inaweza kutolewa bila ridhaa?

Kuna njia tatu: sheria inapoagiza (magonjwa ya kutolewa taarifa, ukatili kwa mtoto katika nchi nyingi), mahakama inapoamuru, na mtu mwingine anapokuwa kwenye hatari kubwa iliyo karibu. Juu ya hii ya tatu, hukumu ya Mahakama ya Juu ya California ya mwaka 1976 katika kesi ya Tarasoff ndiyo inayotajwa sana: mtaalamu wa tiba ya akili ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu ambaye mgonjwa wake anatishia kumdhuru.

Hata hapo, toa kiasi kidogo kinachotosha, kwa anayeweza kuzuia madhara, na uandike sababu. Isipokuwa kumwambia kutaongeza hatari, mgonjwa ajue kabla.

22. Mgonjwa ana VVU na hataki mwenzi wake ajue.

Usikimbilie kumwambia mwenzi. Kwanza tafuta anachoogopa: kuachwa, kupigwa, kufukuzwa nyumbani. Mpe njia kadhaa: amwambie mwenyewe, amwambie mbele yenu, au mtoa huduma amwalike mwenzi kupima bila kutaja jina la mtu. Hakikisha anaanza dawa. Anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi kwa kujamiiana. Sheria za nchi kuhusu kumjulisha mwenzi zinatofautiana sana, hivyo hatua ya bila ridhaa isichukuliwe na mtu mmoja bila kiongozi wa kituo na mshauri wa sheria.

23. Mwajiri, kampuni ya bima au polisi wakija kuuliza?

Mwajiri anastahili kujua kama mtu anafaa kufanya kazi, kwa masharti gani, na kwa siku ngapi apumzike. Cheti cha mapumziko hakihitaji jina la ugonjwa. Bima ipewe kile tu kinachohusu dai, si faili zima. Polisi waombe kwa maandishi, na aliyepewa jukumu hilo kituoni ndiye ajibu, si muuguzi wa zamu ya usiku. Tiba ya majeruhi haisubiri jibu hilo.

24. Tukiondoa majina, takwimu zetu za utafiti si salama tayari?

Sivyo. Miaka ya 1990 mtaalamu wa kompyuta Latanya Sweeney alitambua kumbukumbu za hospitali za gavana wa Massachusetts, William Weld, ndani ya data isiyo na majina, kwa kuilinganisha na orodha ya wapiga kura. Alihitaji tarehe ya kuzaliwa, jinsia na eneo la posta tu. Badilisha tarehe ya kuzaliwa iwe umri, eneo liwe pana, na makundi yenye watu wachache yaunganishwe: mgonjwa pekee wa ugonjwa adimu katika wilaya hana haja ya kutajwa jina. Picha za eksirei na CT hubeba jina ndani ya faili lake la kompyuta, na za ultrasound mara nyingi huliandika juu ya picha yenyewe. Yote mawili yaondolewe.

25. Mtumishi mwenzetu amelazwa kwetu. Tumhudumieje?

Mwulize kwanza kama anataka kutibiwa hapa au apewe rufaa, bila kumsukuma. Akibaki, punguzeni wanaomhudumia wawe wale wanaohitajika tu, aliye chini yake au juu yake kikazi asiwemo, na vipimo vyake vipelekwe maabara kwa namba. Faili lake la tiba lisikutane kamwe na faili lake la utumishi. Wekeni tahadhari kwenye mfumo ili kila anayelifungua aulizwe sababu (swali la 13), na mwambieni mgonjwa kwamba anaweza kuomba orodha ya waliolifungua. Akirudi kazini, kiongozi wake apokee cheti kile kile anachopokea mwajiri mwingine yeyote (swali la 23).